Je, Wajua? Chungwa lenye jina la nchi

Muuza matunda wa Istanbul akikuuliza kama unataka portakal, usishangae: anakuuzia chungwa. Kiarabu ni burtuqal, Kigiriki portokali. Yote yanatokana na Portugal, nchi tunayoiita Ureno, kwani wafanyabiashara wake walieneza machungwa matamu ya Asia kuanzia karne ya 16. Hapo kabla, wengi pwani ya Mediterania walizoea lile kali, la kukunja uso, ambalo Waajemi hadi leo huliita narenj. Waholanzi wakatazama mbali zaidi: sinaasappel, yaani tufaha la China. Na Wareno wenyewe, wenye jina lao? Wao humenya laranja, neno la Kiajemi walilopewa na Waarabu.