Mawe ya nyongo: kile tunachoweza nyumbani na kile tusichoweza

Mwezi uliopita, siku ya posho, mwenzetu mmoja alikuja mkutanoni na kopo lililofunikwa. Ndani yake mlikuwa vijiwe laini vya kijani, vikubwa kama maharagi. Alikuwa amekunywa mafuta ya zeituni na maji ya ndimu usiku, na asubuhi akaviona chooni. Akatuambia: «Mawe yametoka.» Tulipiga vigelegele, na wengine wetu tukanakili vipimo kwenye karatasi.

Siku kumi baadaye macho yake yalikuwa manjano, na homa ilimtetemesha. Alipelekwa hospitali usiku. Ekografi ilionyesha mawe yangali mahali pake, na moja limeziba njia ya nyongo. Alipasuliwa na leo amepona. Lakini vigelegele vyetu vilimchelewesha, ndiyo sababu tunaandika haya.

Vijiwe vile vilikuwa nini?

Katika mwaka 2005 waganga wa New Zealand waliandika katika gazeti la uganga The Lancet habari za mwanamke aliyefanya vilevile. Walipopima vijiwe vyake, viliyeyuka kwa moto wa digri 40 vikawa mafuta. Havikuwa mawe ya nyongo hata kidogo. Mafuta na ndimu vilikuwa vimegeuka kitu kama sabuni ndani ya matumbo. Sisi tunaopika sabuni ya mawese tunaelewa jambo hilo.

Nyongo inafanya kazi gani?

Kila mama anayechinja kuku anajua kile kifuko cha kijani kando ya ini, kile tunachoogopa kupasua. Sisi pia tunacho. Ini linatengeneza nyongo, kifuko kinaihifadhi, na tunapokula mafuta kinajikaza ili kuimwaga ndani ya matumbo. Nyongo ikigandamana, mawe yanaanza. Kwa hiyo kunywa mafuta mengi kwa mara moja kunakaza kifuko kwa nguvu, na jiwe linaweza kusukumwa hadi likwame njiani.

Wanawake tunapata mawe haya kuliko wanaume, hasa wakati wa mimba, na umri ukipita miaka 40. Unene unayaongeza, lakini pia kukonda haraka na kufunga chakula siku nyingi. Watoto wa SS nao wanaweza kuyapata mapema.

Tutayatambuaje?

Watu wengi wana mawe bila kusikia kitu. Yakisumbua, maumivu yanakuja upande wa kuume chini ya mbavu, au juu ya tumbo katikati, mara nyingi baada ya chakula chenye mafuta. Yanaweza kupanda mpaka bega la kuume au mgongoni, pamoja na kichefuchefu. Wengi wetu tunasema ni vidonda vya tumbo, tunanunua vidonge sokoni miezi na miezi. Ekografi ndiyo itakayoonyesha.

Nyumbani tufanye nini?

Hakuna jani wala kinywaji cha jikoni kinachojulikana kuyeyusha mawe. Lakini chakula kinaweza kupunguza maumivu:

– Tupunguze mafuta ya mawese katika sombe, na sambaza tuzipike kwa mchuzi badala ya kuzikaanga.
– Tule kidogo kidogo kwa saa zinazojulikana. Mama anayeshinda njaa sokoni, kisha anakula sana usiku, anajiumiza.
– Maharagi, lengalenga na matunda yasikose. Papai na maji vinasaidia pia anayefunga choo.
– Kiungulia kikikusumbua, usilale kabla ya saa mbili au tatu kupita tangu ulipokula.
– Tangawizi katika maji ya moto inatuliza kichefuchefu.
– Anayetaka kupunguza uzito afanye polepole, kilo moja kwa juma isipitwe.

Tusipige lavema ya pilipili wala ya majani makali. Inaunguza matumbo na haifiki kwenye nyongo.

Wakati wa kukimbia hospitali

Usingoje asubuhi ukiona moja ya haya: maumivu yanayopita saa tano, homa na kutetemeka, macho ya manjano, mkojo mweusi kama chai, choo cheupe, au kutapika kusikokoma. Munganga akisema kifuko kitolewe, tusiogope: mtu anaishi vizuri bila hicho, kwa kuwa ini linaendelea kutengeneza nyongo.

Tunajua kwamba mara nyingi si ujinga unaotuzuia, ni makuta. Kwa hiyo tunapendekeza kwamba katika likelemba yetu kila mmoja atie kidogo kando kila juma, kwa ajili ya ekografi ya mwenzetu atakayeugua. Siku ya posho tutaamua pamoja. Mwenzetu aliyepona atakuwepo, na ameomba aseme wa kwanza.