Taa za omena: ubao mdogo unaozuia betri ya lithiamu kushika moto

Usiku usio na mbalamwezi, mtu anayesimama ufuoni Usenge au Uhanya huona ziwa limejaa taa kama mji. Ni taa za wavuvi, zinazoelea majini ili kuwavuta omena kuelekea wavu. Zamani taa hizo zilikuwa karabai za mafuta. Mwaka 2008 kampuni ya Osram ilifungua kituo cha kukodisha taa za betri kwa wavuvi huko Mbita, ng'ambo ya Ghuba ya Winam, na tangu hapo taa za LED zimeenea pande zote za ziwa. Asubuhi huletwa nyumbani kuchajiwa, mara nyingine katika chumba kile kile wanamolala watoto.

Taa nzuri ya dukani huja na saketi ya kulinda betri. Shida huanza betri hiyo inapochoka. Betri mpya ni ghali, kwa hiyo taa hupelekwa kwa fundi, naye huijenga upya kwa seli za lithiamu zilizotolewa kwenye laptopu mbovu. Si jambo baya. Seli nyingi za namna hiyo bado zina uhai, na fundi anayejua kazi yake humwokolea mvuvi pesa. Lakini zipo taa zinazotoka zikiwa na seli, nyaya mbili, swichi na balbu, basi. Taa inawaka, ila hakuna kitu ndani yake kinachoweza kukata umeme mambo yakiharibika.

Hatari ya mpangilio huo inaonekana wazi katika kifaa kingine kabisa, sigara ya kielektroniki isiyo na saketi. Hiyo ni bomba la chuma lenye seli, kitufe na koili. Koili ikiwa na ukinzani wa omu 0.1, seli iliyojaa husukuma ampea 42 kwa hesabu, wakati seli nyingi za aina hiyo hazikuundwa kutoa zaidi ya ampea 10 au 20. Nchini Marekani, wavutaji wawili walifariki vifaa vyao vilipolipuka, mmoja Florida mwaka 2018 na mwingine Texas mwaka 2019. Sigara nyingi za kielektroniki zinazouzwa sasa zina chipu ya kupima na kukata umeme. (Chipu hiyo haimwondolei mvutaji madhara ya nikotini. Hilo ni suala jingine.) Taa ya omena isiyo na ubao ni ndugu wa bomba hilo, tofauti ni kwamba balbu hula umeme kidogo, hivyo hatari hujificha muda mrefu zaidi.

Seli ya laptopu iliyozoeleka huitwa 18650, kwa kuwa ina upana wa milimita 18 na urefu wa milimita 65. Ikijaa hufika volti 4.2. Ikichajiwa kupita hapo, hupata joto na kemikali zake huanza kuvunjika. Ikishuka chini ya volti 2.5 hivi, huharibika ndani bila dalili yoyote nje, na inaweza kupiga shoti inapochajiwa tena. Na ncha zake mbili zikiunganishwa na kipande cha chuma, hutoa makumi ya ampea mara moja, kiasi cha kuufanya waya mwembamba kuwa mwekundu. Katika mashua yenye nyavu mbichi, nyaya zilizochubuka na tangi la petroli, hilo si jambo la kufikirika tu.

Mvuvi hawezi kuyaona hayo kwa macho. Taa ikianza kufifia kabla ya mapambazuko haizimwi, maana omena bado wako chini yake. Ubao wa kinga ndio unaopima volti na umeme unaopita, na kukata saketi katika hali hizo tatu.

Ubao unaojulikana sana na mafundi ni ule wa chipu ya TP4056. Huchaji seli kwa umeme wa volti 5, kama wa chaja ya simu, na kuacha ikifika volti 4.2. Hapa panahitaji makini, kwa sababu zipo mbao mbili zinazofanana. Ya kwanza, upande wa betri, ina nukta mbili pekee za kuunganishia. Hiyo huchaji tu, hailindi. Ya pili ina nukta nne upande huo, yaani B+ na B- za betri, na OUT+ na OUT- za taa. Ina chipu za ziada, mojawapo kwa kawaida ikiwa DW01, ambayo ndiyo mlinzi wenyewe. Tofauti ya bei kati ya mbao hizi mbili ni ndogo sana.

Hata ubao sahihi ukiungwa vibaya ni kama haupo. Kosa la kawaida ni kufunga nyaya za taa pamoja na za betri kwenye B+ na B-. Taa itawaka na chaji itaingia, kila kitu kitaonekana sawa, lakini umeme wa taa unapita kando ya mlinzi. Mwenye taa anaweza kumwomba fundi amwonyeshe nyaya kabla ya kufunga kifuniko. Nyaya za balbu zinapaswa kutoka OUT, na fyuzi ndogo iwe karibu na ncha chanya ya betri. Fundi pia asichomelee risasi moja kwa moja kwenye ncha ya seli, kwa maana joto hilo huiumiza.

Wanaochaji kwa sola wana jambo la ziada. Paneli inayouzwa kama ya volti 12 hutoa zaidi ya volti 20 juani ikiwa haina mzigo, ilhali TP4056 haivumilii zaidi ya volti 8. Kati yao panahitajika kidhibiti cha kushusha volti, kwa mfano cha LM2596, kilichorekebishwa kwa mita hadi volti 5 kabla ya kuunganishwa.

Taa kubwa zenye seli tatu zilizofuatana hufika volti 12.6, na haziwezi kutumia ubao huo. Zinahitaji BMS yenye waya unaofika kwenye kila kiungo cha seli, kwa sababu seli iliyozeeka hujaa na kuisha kabla ya wenzake. Betri za lithiamu za aina ya fosfeti ya chuma hujaa kwa volti 3.65 kila seli, kwa hiyo BMS na chaja ya aina moja isitumiwe kwa nyingine.

Balbu nayo hufaidika na kidhibiti chake. LED iliyofungwa moja kwa moja hula umeme mwingi mno betri ikiwa imejaa, kisha hufifia saa za alfajiri. Kidhibiti cha kushikilia kiwango cha umeme huipa mwanga ulio sawa karibu usiku kucha.

Wakati wa mbalamwezi, na katika miezi ya Aprili hadi Julai ambapo uvuvi wa omena hufungwa, betri isihifadhiwe ikiwa imejaa kabisa wala imeisha. Iachwe nusu, mahali pakavu, mbali na jua la mabati. Seli iliyovimba, iliyotoboka au inayopata joto bila kutumika isichajiwe tena.

Betri ikianza kutoa moshi ndani ya nyumba, watu watoke kwanza, kwa kuwa moshi wake una sumu. Ikiwezekana kuifikia bila kuuvuta, imwagiwe maji mengi kutoka mbali. Mchanga hufunika miali lakini hauondoi joto, na moto unaweza kurudi. Nambari ya dharura ni 999 au 112.

Seli zilizokufa zisitupwe ziwani, chooni wala kwenye shimo la taka linalochomwa. Ncha zake zifungwe kwa utepe na zirudishwe kwa fundi au muuzaji anayekusanya taka za elektroniki.