Nguvu ya Injini na Nguvu ya Magurudumu

Fundi wa malori wa Igogo, Mwanza, akisema gia namba moja "huongeza nguvu", asemalo ni kweli nusu. Kiongezekacho ni kani isukumayo lori. Nguvu, yaani kazi ifanywayo kwa kila sekunde, haiongezwi na gia yoyote. Hupungua kwa msuguano ndani ya giaboksi, propela shafti na difu. Kwa makadirio ya kawaida ya asilimia 15, injini itoayo kilowati 200 huyafikishia magurudumu 170 tu. Zile 30 hugeuka joto. Mwenye shaka na aiguse difu baada ya safari ndefu! Kwa hiyo twapendekeza vitabu vya ufundi vitenganishe "kani" na "nguvu". "Difu" ibaki, mafundi wamekwisha kuisanifu.