Kamkoda ya Bei Nafuu kwa Mwanafunzi wa Urubani

Sisi tuishio South C hatushangazwi na ndege. Zinapaa kutoka uwanja wa Wilson tangu asubuhi hadi jioni, na kuna saa ambapo mazungumzo ya nyumbani hukatizwa mpaka moja ipite. Uwanja huo ulipewa jina la Bi. Florence Kerr Wilson, aliyeanzisha kampuni ya Wilson Airways mwaka wa 1929. Lakini tangu mwaka jana ndege hizo zimekuwa jambo letu la nyumbani hasa. Dada yangu mkubwa anajifunza urubani pale, na baba aliuza kiploti chake cha Kitengela ili kumlipia.

Masomo ya urubani hulipiwa kwa saa. Injini ikishawaka, hesabu inaanza, mithili ya teksi. Kwa leseni ya kwanza, ile ya rubani wa kibinafsi, kwa kawaida huhesabiwa saa 40 hivi angani. Mwanafunzi akikawia kuelewa jambo, saa zinaongezeka na pesa za kiploti zinapungua. Basi dada akakwama kwenye kutua. Mwalimu wake akimwambia, "Unainua pua ya ndege mapema mno," yeye akifika nyumbani hakumbuki aliiinua lini. Yote hutokea kwa sekunde chache tu. Ndipo akaniita jikoni akaniambia, "Wewe si ndiwe mpiga picha wa chama chenu? Nitafutie kamera ya video nijione ninavyokosea. Lakini isizidi shilingi 15,000." Nusu ya pesa hizo zilikuwa za mama, za mzunguko wa chama chake cha kina mama, kwa hivyo sikuwa na ruhusa ya kubahatisha.

Mbona asitumie simu? Tulijaribu. Simu ikikaa nyuma ya kioo cha ndege, jua likiwaka, hupata joto hata ikajizima, nayo ilijizima kabla hajatua mara ya kwanza. Tena simu ile ndiyo anayoitumia kwa shughuli zake zote.

Nilianza vibaya, nakiri. Nilizunguka Luthuli Avenue nikitazama ile namba iliyoandikwa ubavuni mwa kamera: mara 30, mara 40, mara 60. Nikadhani namba ikiwa kubwa basi kamera ni bora. Kumbe namba hiyo ni ya kuvuta kitu kilicho mbali, na ndani ya ndege hakuna kilicho mbali cha kuvutwa! Dada hurushwa katika Cessna 172, ambayo upana wake ndani ni kama mita moja. Hapo unataka kinyume chake: lenzi pana, itakayoonyesha saa za dashibodi, mikono ya rubani, na njia ya kurukia kule mbele, zote kwa pamoja. Usiulize kamera inavuta mara ngapi. Uliza inaona upana gani kabla hujavuta, kisha simama nayo hatua moja kutoka mezani uone inaingiza vitu vingapi.

La pili ni sauti, na hapa ndipo nitakapokaa kidogo, kwa kuwa ndipo watu wengi hupoteza pesa. Tuliazima kamera ya binamu kwa somo moja. Picha zilikuja safi, lakini sauti ilikuwa ngurumo tupu ya injini tangu mwanzo hadi mwisho. Mwalimu anaonekana akifungua mdomo, husikii neno. Sasa somo bila maneno ya mwalimu litakusaidia nini? Ndani ya ndege mwalimu na mwanafunzi huzungumza kupitia visikizi vya masikioni, na sauti ya mnara wa kuongozea ndege huingia humo humo. Kwa hivyo maikrofoni ya kamera, hata iwe nzuri vipi, haiwezi kuisikia.

Dawa yake si ghali. Nunua maikrofoni ndogo ya kubana kwenye ukosi wa shati, uipenyeze chini ya kile kikombe laini cha kisikizi, karibu na sikio, na waya wake uuchomeke kwenye kamera. Kila kinachosemwa kitanaswa: mwalimu, mnara, na hata dada akijinong'oneza. Kuna pia nyaya maalumu za kuunganisha kamera moja kwa moja na mfumo wa sauti wa ndege, ila sauti itokayo humo ina nguvu kuliko ile ambayo tundu la maikrofoni limezoea, kwa hivyo waya wenyewe lazima uwe na kipunguza nguvu, la sivyo utasikia mikwaruzo. Sisi tulichagua maikrofoni. Lakini njia zote mbili zinadai kitu kimoja: kamera iwe na tundu la maikrofoni ya nje. Kamera nyingi za bei ya chini hazina. Zisizo nalo, hata ziwe zinang'aa namna gani, nilizipita tu.

Sasa nije kwenye kioja. Katika ile video ya binamu, rafadha ya ndege ilionekana imepinda kama ndizi, vipande vikielea hewani! Mama alishtuka akadhani ndege ni mbovu. Sababu ni hii. Kamera nyingi za siku hizi hazipigi picha yote kwa mara moja. Huisoma mstari kwa mstari, kutoka juu hadi chini. Ni kama wewe unayenakili ubao huku mwalimu anafuta na kuandika mengine: ukifika chini, ya juu yameshabadilika. Rafadha ikizunguka mara 2,400 kwa dakika, yaani mara 40 kwa sekunde, kamera ikifika mstari wa chini, rafadha imeshahama. Kamkoda za zamani za kanda, zenye sensa ya aina ya CCD, hazikuwa na kioja hiki kwa sababu zilinasa picha nzima papo hapo. Muuzaji mmoja alinisifia moja kwa sababu hiyo. Lakini kanda ya MiniDV huchukua saa moja tu kwa mwendo wa kawaida, na kompyuta nyingi za leo hazina tundu la kuipokea. Kioo cheusi cha kufunika lenzi hupunguza kupinda huko, kwani kamera hulazimika kuacha mwanga uingie kwa muda mrefu zaidi na rafadha ikawa ukungu tu. Binafsi sikukinunua. Dada anajifunza kutua, haigizi filamu.

Mwanga ni jambo jingine. Nje ni kweupe, dashibodi ni giza. Kamera ikijiamulia yenyewe, mara njia ya kurukia inapotea katika weupe. Tafuta yenye uwezo wa kufungwa mwanga mahali unapotaka. Sisi hufunga kwa mwanga wa nje, saa za dashibodi zikiwa hafifu basi na ziwe hafifu.

Kuhusu kadi, nina uchungu. Duka moja la mjini liliniuzia kadi iliyoandikwa GB 128 kwa bei ya kutupa. Dada akarekodi saa nzima, akatua mara 6. Nyumbani zikafunguka dakika za mwanzo tu, zilizobaki hazikuwako. Kadi bandia hudanganya kompyuta juu ya ukubwa wake, ikijaa, haisemi. Ukinunua, ijaze yote kwanza, kisha ujaribu kufungua kila kitu, au utumie programu ya bure kama H2testw. Tena ukubwa huo wala hauhitajiki. Video ya megabiti 24 kwa sekunde hula takriban GB 11 kwa saa, hivyo kadi halali ya GB 32 inatosha masomo mawili.

Mwishowe nilipata kamkoda ya mkono wa pili, yenye tundu la maikrofoni, kwa shilingi 11,500, na betri yake niliijaribu dukani kwa saa moja na nusu huku muuzaji akinuna. Mwalimu wa urubani alitoa ruhusa kwa masharti: ifungwe imara nyuma, kati ya viti viwili, isiguse usukani, na isikaribie dira. Spika ya kamera ina sumaku ndani, nayo sumaku huipotosha dira. Walijaribu chini kabla ya kuruka, dira haikusogea.

Jumapili tuliiangalia video pamoja. Tulisimamisha, tukarudisha, tukahesabu. Alikuwa akiangalia lami iliyo karibu na pua badala ya mwisho wa njia, ndiyo maana aliona ardhi inamjia haraka na kuinua mapema. Aliiona mwenyewe, hata kabla sijasema.

Mwalimu amesema wiki ijayo, hali ya hewa ikiruhusu, atashuka na kumwacha aruke peke yake. Siku hiyo kamera nitabaki nayo mimi nyumbani, kwani mwalimu hataki imshughulishe.