Maneno ya Tangazo Yanavyogeuza Bidhaa ya Kawaida Kuwa Kiuatilifu

Muuzaji anayeweka bidhaa katika soko la mtandaoni na kuandika kuwa "inaua mende", "inafukuza mbu" au "inamaliza kunguni" hajaisifu bidhaa yake tu. Kwa maneno hayo ametangaza kiuatilifu. Kanuni za Kimataifa za Usimamizi wa Viuatilifu, zilizoandaliwa na Shirika la Chakula na Kilimo (FAO) na Shirika la Afya Duniani (WHO), hukitambua kiuatilifu kwa kusudio lake: kitu chochote cha kikemikali au cha kibiolojia kinachokusudiwa kufukuza, kuangamiza au kudhibiti visumbufu. Kusudio hilo mnunuzi hulisoma kwanza katika tangazo.

Nchini Tanzania, usajili na udhibiti wa viuatilifu uko chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA), iliyoanzishwa kwa Sheria ya Afya ya Mimea Na. 4 ya mwaka 2020 na yenye makao makuu mkoani Arusha. Kuuza kwa njia ya simu badala ya dukani hakumwondolei muuzaji wajibu wa kuhakikisha kuwa kiuatilifu anachokiuza kimesajiliwa.

Uzito wa suala hili ulidhihirika nchini Marekani mwezi Februari 2018, Shirika la Ulinzi wa Mazingira la nchi hiyo (EPA) lilipotangaza makubaliano na kampuni ya Amazon. Kampuni hiyo ilikubali kulipa dola 1,215,700 ili kumaliza madai ya takriban makosa 4,000, yaliyoanzia mwaka 2013, kuhusu viuatilifu kutoka nje ya nchi visivyoruhusiwa kuuzwa humo. Ilikubali pia kuandaa mafunzo ya mtandaoni, ambayo kila anayetaka kuuza viuatilifu katika soko lake atalazimika kuyamaliza kwanza.

Miongoni mwa bidhaa zilizotajwa ilikuwamo chaki ya kuulia wadudu. Kwa umbo haitofautiani na chaki ya kuandikia, hivyo mtoto anaweza kuichezea au kuitia mdomoni bila kujua kuwa ni sumu.

Tangazo linapoondolewa sokoni au kutiliwa shaka, muuzaji anapaswa kutambua kwanza aina ya tatizo alilonalo. Ikiwa bidhaa ni ya kawaida, kwa mfano sabuni ya kuoshea sakafu, na kosa lipo katika sifa iliyoongezwa kuwa "inaua wadudu", suluhisho ni kuifuta sifa hiyo kila mahali: katika kichwa cha tangazo, maelezo, picha, video na maneno ya utafutaji. Sifa iliyofutwa katika maelezo huku ikisomeka katika picha ya kopo bado ni tangazo.

Ikiwa bidhaa yenyewe imetengenezwa kuua wadudu au panya na haijasajiliwa, kubadilisha maneno hakuiponyi. Kuiita "chaki ya usafi" huifanya iwe ya hatari zaidi, kwa kuwa mnunuzi hatachukua tahadhari. Hapo muuzaji anapaswa kusitisha mauzo, kuitenga bidhaa iliyobaki na kuwasiliana na Mamlaka. Haifai kuimwaga wala kuigawa bure.

Hata kiuatilifu kilichosajiliwa kina mipaka ya kutangazwa. Kwanza, tangazo lisidai kazi ambayo haimo katika lebo iliyoidhinishwa. Dawa iliyosajiliwa kwa viwavi wa mahindi isinadiwe kuwa ni ya kunguni wa vitandani. Pili, Kanuni za Kimataifa zinakataza maneno kama "salama", "haina sumu" na "haina madhara", hata yakifuatiwa na "ukitumia kwa kufuata maelekezo". Katazo hilo lina sababu: mtu aliyeaminisha kuwa dawa haina madhara huacha glavu, hupulizia chumba walimolala watoto, au huhifadhi dawa karibu na chakula.

Kwa upande wake, mnunuzi anashauriwa kumwomba muuzaji picha ya lebo nzima kabla ya kulipa. Aangalie jina la kiambato amilifu, namba ya usajili, jina la mtengenezaji, tarehe ya mwisho wa matumizi, maelekezo katika lugha anayoielewa, na rangi inayoonyesha kiwango cha sumu, ambapo nyekundu huashiria hatari kubwa zaidi. Dawa iliyopimwa na kutiwa katika chupa ya maji au mfuko usio na lebo isinunuliwe, hata kama bei yake ni nafuu.

Iwapo mtu amemeza au kuvuta kiuatilifu, apelekwe haraka kituo cha afya pamoja na kifungashio chake. Kiambato kilichoandikwa katika lebo humsaidia mganga kuchagua tiba. Chupa isiyo na lebo humwacha akikisia.