Leseni Imfuate Aliyeinunua

Anayeunda kompyuta mpya ya mezani nyumbani huanza kwa kupiga hesabu ya vipande: prosesa, mazabodi, RAM, diski, pawasaplai na kasha. Vingi kati ya hivyo anaweza kuving'oa kutoka kompyuta yake ya zamani bila kumwomba mtu ruhusa. Kitu kimoja tu ndicho kinachoweza kugoma kuhama, nacho hakichakai wala hakiungui: leseni ya mfumo endeshi. Wengi hudhani mgomo huo unatokana na ufundi, kwamba programu imeshikamana na mashine kiasi cha kutoweza kuachana nayo. Ushahidi unasema vingine. Leseni hufungwa na uamuzi wa kibiashara ambao ufundi umetumwa kuutekeleza, na kwa kuwa ni uamuzi wa watu, tuna haki ya kuuhoji. Msimamo wangu ni kwamba leseni iliyolipiwa imfuate aliyeilipia, almuradi itumike kwenye kompyuta moja kwa wakati mmoja.

Tuichukue Windows, ambayo ndiyo iliyosambaa zaidi katika kompyuta za mezani. Tangu Windows XP ilipotoka mwaka 2001, mtumiaji wa kawaida hawezi kutegemea ule ufunguo wa herufi na tarakimu 25 peke yake. Lazima mfumo uamilishwe. Katika kuamilishwa, mfumo husoma vitambulisho vya vipande kama prosesa, diski, kadi ya michoro na kadi ya mtandao, kisha huvipitisha kwenye hesabu isiyoweza kurudishwa nyuma, iitwayo hashi, na kupata alama fupi ya mashine hiyo. Kipande kimoja kikibadilika, mfumo huvumilia. Vikibadilika vingi, huiona mashine kuwa ngeni. Katika XP vilitazamwa vipengele 10, na kadi ya mtandao ilipewa uzito kuliko vingine. Hapana kanuni ya fizikia inayotaja ni kipande cha ngapi kikibadilishwa ndipo kompyuta huacha kuwa ileile. Kiwango hicho kilichaguliwa na wahandisi, na wangeweza kuchagua kingine.

Hali ni bayana zaidi tukilinganisha aina mbili za leseni. Ile ya rejareja, inayonunuliwa peke yake, huruhusiwa kuhamia kompyuta nyingine mradi iondolewe kwenye ya kwanza. Ile ya OEM, inayokuja ndani ya kompyuta iliyokwisha kuundwa kiwandani, huhesabiwa kuwa mali ya mazabodi na hufa pamoja nayo. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, watengenezaji wakubwa wameuandika ufunguo huo ndani ya chipu ya mazabodi yenyewe. Hata hivyo, programu inayotumika ni moja. Zaidi ya hayo, Microsoft imekuwa ikikubali kwamba mazabodi iliyoharibika ikibadilishwa, leseni ya OEM inaendelea. Mazabodi nzima ikibadilishwa ili kuongeza uwezo, kompyuta huhesabiwa mpya na leseni mpya hudaiwa. Bisibisi ni ileile na skrubu ni zilezile. Kilichotofautiana ni nia ya mwenye kompyuta, jambo ambalo hashi haina namna ya kulipima.

Historia nayo inaonyesha jinsi kanuni hizi zinavyobadilika kwa kalamu. Oktoba 2006 Microsoft ilitangaza kuwa leseni ya rejareja ya Windows Vista ingehamishwa mara moja tu. Wapenzi wa kujiundia kompyuta walilalamika, na Novemba mwaka huohuo kikomo hicho kikafutwa. Baadaye, Windows 10 iliyotolewa Julai 2015 ilianza kupokea funguo za Windows 7 na 8, na njia hiyo iliendelea kupitika hadi ilipofungwa Septemba 2023. Leseni iliyokuwa ikikubaliwa ikawa haikubaliwi, na hakuna saketi hata moja iliyokuwa imebadilika katika kompyuta ya mteja.

Mahakama zimetofautiana, na tofauti hiyo yenyewe ni ushahidi. Mwaka 2000 Mahakama Kuu ya Shirikisho ya Ujerumani iliamua kwamba Microsoft haikuweza kumzuia muuzaji asiyefungwa na mkataba wake kuuza nakala za OEM bila kompyuta. Mwaka 2012, katika kesi ya UsedSoft na Oracle, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kuwa leseni isiyo na kikomo cha muda ikishauzwa, mnunuzi anaweza kuiuza tena, kwa sharti kwamba nakala yake aifanye isitumike. Marekani, katika kesi ya Autodesk ya mwaka 2010, mahakama ya rufaa iliona kwamba aliyepewa leseni yenye masharti makali si mmiliki wa nakala. Programu hazibadiliki zikivuka Atlantiki. Kinachobadilika ni nani anayelindwa.

Watetezi wa mfumo wa sasa husema leseni ya OEM ni nafuu kwa sababu imefungwa, hivyo mnunuzi amepata alicholipia. Hoja hii ina nguvu pale mnunuzi alipoelezwa masharti akachagua kwa hiari. Lakini anayenunua kompyuta iliyokamilika aghalabu haoni bei ya leseni ikiwa imetengwa, wala haulizwi aina anayoitaka. Wengine huhofia wizi: ufunguo mmoja kwenye mashine mia. Hofu hiyo ni ya haki, ila dawa yake ipo tayari. Seva za uamilishaji zinajua ufunguo umetumika wapi, na tangu 2016 leseni ya Windows 10 inaweza kuunganishwa na akaunti ya mtumiaji. Mtambo unaoweza kuihamisha leseni ya rejareja unaweza kuihamisha na ya OEM.

Pingamizi zito zaidi ni la usalama. Windows 7 iliacha kupata masasisho ya kawaida Januari 2020, na Windows 10 Oktoba 2025. Kuunganisha mfumo usiolindwa kwenye intaneti ni kujitakia balaa. Nakubali kabisa. Ndiyo maana thamani ya leseni ya zamani iko katika kumwezesha mwenye nayo kupanda hadi toleo linalolindwa, kama ilivyowezekana kwa miaka minane. Yupo pia atakayesema Linux ni bure na inahamia mashine yoyote. Ni kweli, na anayeweza kuitumia aitumie. Lakini kuwepo kwa njia ya bure hakufuti haki ya aliyekwisha kulipa.

Kabla ya kununua vipande, basi, jua leseni uliyonayo: kwenye Windows, amri slmgr /dli huonyesha kama ni ya rejareja au ya OEM. Jambo hili linatugusa Afrika Mashariki, ambako kompyuta zilizotumika huuzwa na kufufuliwa kila siku. Wauzaji waandike aina ya leseni kando ya bei, na sheria zetu zimruhusu mnunuzi kuihamisha akishaiondoa kwenye mashine ya kwanza. Kampuni haitapoteza malipo iliyokwisha kuyapokea. Itakachokosa ni fursa ya kumtoza mtu yuleyule mara ya pili kwa kuwa amebadilisha mazabodi.