Brigida Anapopiga Hodi

Jua la Januari 31 likizama, katika nyumba nyingi za mashambani kaskazini mwa Ireland, binti mmoja alitoka nje kuchukua tita la nyasi za kinamasi. Alirudi akabisha, akiomba Brigida afunguliwe mlango. Ndani wakamwitikia. Alibisha tena, na tena. Mara ya tatu mlango ukafunguliwa, nyasi zikalazwa chini ya meza, familia ikala viazi vilivyopondwa kwa siagi. Baada ya chakula, wakubwa kwa wadogo walikaa kusuka misalaba.

Ndivyo mkesha wa sikukuu ya Mtakatifu Brigida ulivyoadhimishwa kwa vizazi vingi. Yeye, Patrick na Columba ndio wasimamizi watatu wa nchi hiyo, na siku yake ni Februari 1.

Kwa mapokeo, Brigida alianzisha monasteri Kildare, jina ambalo kwa Kiairishi lina maana ya kanisa la mwaloni, na akafariki mwanzoni mwa karne ya 6. Mtawa Cogitosus aliandika habari zake katika karne ya 7. Kitabu chake kimejaa maziwa, siagi, ng'ombe na maskini wanaolishwa, huku kikisema machache mno kuhusu maisha yake yenyewe. Kwa hiyo wanahistoria bado wanajadiliana ni kiasi gani cha simulizi hizo ni historia.

Mjadala huo una sababu nyingine. Februari 1 ilikuwa pia Imbolc, siku ya kale ya kuupokea msimu wa kuchipua, wakati kondoo wanapozaa na maziwa yanaporudi. Tena, kamusi ya Cormac, iliyoandikwa takriban mwaka 900, inamtaja mungu wa kike aitwaye Brigit aliyeheshimiwa na washairi, mwenye dada wawili wa jina hilohilo: mmoja wa uganga, mwingine wa uhunzi. Mtakatifu na mungu huyo wamekutana katika jina moja na msimu mmoja.

Msalaba wenyewe una kisa chake. Inasimuliwa kwamba Brigida alikaa kando ya mzee mmoja mpagani aliyekuwa akikata roho, akaokota nyasi zilizotandikwa sakafuni, akaanza kuzisuka. Mgonjwa akauliza anafanya nini. Jibu likamfikisha kwenye ubatizo.

Kuusuka hakuhitaji chombo. Kwa desturi nyasi hung'olewa kwa mkono, hazikatwi. Unyasi mmoja hushikwa wima, wa pili hukunjwa katikati na kuuzunguka, kisha kazi yote hugeuzwa robo mzunguko na mwingine huongezwa. Mraba hujijenga katikati, mikono minne ikichomoza pembeni. Mwisho ncha hufungwa kwa uzi.

Usiku huohuo wa mkesha kipande cha kitambaa kiliachwa nje ili Brigida akibariki anapopita. Kilitunzwa kwa ajili ya maumivu ya kichwa, mama anayejifungua, hata ng'ombe anayezaa.

Kildare nako kulikuwa na moto. Gerald wa Wales, aliyeandika mwishoni mwa karne ya 12, anasema watawa 19 walipokezana zamu kuulinda, na usiku wa 20 uliachiwa Brigida mwenyewe. Moto huo ulizimika katika vurugu za Matengenezo ya Kanisa. Mwaka 1993 masista wa Brigida waliuwasha upya mjini humo.

Serikali ya Ireland ilichelewa kuungana na wananchi katika kumwadhimisha. Siku ya Patrick imekuwa ya mapumziko tangu 1903. Ya Brigida ilianza mwaka 2023, nayo ndiyo ya kwanza nchini humo kuitwa kwa jina la mwanamke. Kwa kawaida huangukia Jumatatu ya kwanza ya Februari.

Lakini nyumba za zamani zilihesabu miaka kwa namna nyingine. Katika baadhi yake msalaba mpya ulichomekwa chini ya paa la nyasi kila mwaka, ule wa mwaka jana ukiachwa mahali pake, mweusi kwa moshi wa jikoni.